Mwangaluka ya Jioni

Ungemfungulia mlango mdogo wako kama amekosea salamu? Usinijibu haraka. Rafiki yangu Paskazia wa Kahama naye alidhani anajua jibu.

Alivuka mpaka na mdogo wake Masalu kununua vitenge. Fujo za uchaguzi zikawakuta gesti, intaneti ikazimwa. Ubalozi wetu ulikuwa umeshawaambia kwa simu: msitoke nje, msimfungulie msiyemjua. Masalu akacheka. "Dada, hao wa ubalozi wanajua kwamba maji yameisha?" Akatoka alfajiri na dumu, kutafuta maji na habari.

Hakurudi. Jioni umeme ukakatika, milio ya risasi ikanyamaza, na nyayo zikaja polepole kwenye korido, zikasimama mlangoni.

"Mwangaluka, dada."

Sauti ilikuwa ya Masalu. Lakini mwangaluka ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma. Jioni Msukuma husema mwadila, hata mtoto anajua. Paskazia akaamini kuna mtu anamwigiza mdogo wake. Akajibana gizani, sauti ikirudia salamu ileile, bila hasira, mpaka ikafifia.

Kesho yake akaitwa kuutambua mwili. Risasi ilikuwa imempata Masalu bombani, asubuhi ileile aliyotoka na dumu.

Msibani kwao Ibadakuli watu walisema hakuteseka, kana kwamba walikuwepo. Mama yao hakuwasikiliza. Alimgeukia Paskazia. "Hata kuniaga mwanangu hakuaga?"

Paskazia akamsogelea.

"Alikuja mlangoni jioni, mama, akanisalimia. Nilimsikia. Sikumfungulia."