Kikombe Kibichi

River Road haina adabu asubuhi. Emmah, gauni la manjano limemkaa vizuri na boksi mkononi, alikuwa akitafuta nambari ya mlango alipogongwa bega. Jamaa mrefu mwenye aproni akalidaka boksi kabla halijaanguka.

"Pole, mrembo. Kuna nini ndani?"

"Shida yako, kama ungeangusha."

Kumbe walikuwa wanaelekea mlango mmoja. Karakana ya mzee Kaindi imetengeneza vijiko na birika za fedha tangu enzi za babu yake, na sasa alitaka seti ya kifahari ya chai: Emmah abuni vikombe vya kauri, na Lenox, fundi wake, yule yule wa aproni, avivalishe ukanda wa fedha mdomoni. Haukupita muda, wawili hao wakawa wanakula mahindi choma Adams Arcade na kuitana babe.

"Babe, hii kikombe umeniachia naeza pima?" Lenox aliuliza kwa simu.

"Hiyo ni mbichi, ya kuangalia tu. Ngoja nichome. Udongo hupungua kwa moto."

"Sawa, madam."

Sawa gani! Alitaka kumfurahisha kwa kumaliza mapema, akapima kile kibichi na kutengeneza mikanda ya seti nzima. Vikombe vilipotoka kwenye tanuru, mikanda ikalegea kama suruali ya kuazima.

"Nani alitoa hivi vipimo?" mzee Kaindi akafoka.

Lenox akatazama sakafu. Mzee, akidhani kosa ni la Emmah, akamgeukia, akamnyang'anya kazi, na Lenox bado anatazama sakafu. Hapo ndipo Emmah alipoumia. Kazi nyingine angepata.

Alipokea simu ya Lenox baada ya kuikata mara nyingi.

"Em, nilishtuka tu. Nakupenda."

"Unanipenda kwa simu. Mbele ya mzee hukunijua."

"Nifanye nini sasa?"

"Ukweli mimi naujua. Usiniambie mimi."

Kesho yake mzee Kaindi akampigia Emmah kwao Kabiria.

"Msichana wangu, nilikukosea. Huyu kijana amekiri mbele ya mafundi wote. Rudi kazini. Yeye nimemfuta."

Emmah alifurahi, na moyo ukamuuma papo hapo. Akampigia Lenox.

"Uko wapi?"

"Adams, kwa steji. Nimekaa tu. Kazi imeenda, Em."

"Nimeskia. Umekula?"

"Bado."

"Kuja Kabiria, napika chapati. Lakini mathe ako hapa. Atakuuliza wewe ni nani kwangu. Utasema nini?"

Lenox akasimama.

"Nitamwambia nimekuja kumuomba msichana wake, nataka kukuoa!" akasema, kwa sauti iliyowafanya makanga wa steji nzima wageuke.