Vyerehani Sita Mnadani

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikaa kando ya cherehani cha mama yake akishona vifungo, mdomo ukienda mbio kuliko sindano. Jina hilo la utani alipewa na mama mdogo, na lilimkaa sawasawa. Hapakuwa na jambo ambalo Chiriku hakulijua.

Siku hiyo kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kinauza vyerehani sita kwa mnada wa mtandaoni. Mama alitaka viwili, chake na cha mama mdogo. Walikuwa wamepokea kazi ya kushona sare za shule nzima, na cherehani chao kikuukuu kilikata uzi kila baada ya mishono miwili. Wakichelewa, kazi ingepewa fundi mwingine.

"Weka elfu sitini kwa kila kimoja," mama alisema akimpa simu. "Viwili ni laki moja na ishirini elfu, ndiyo akiba yetu yote. Ila soma masharti kwanza."

"Aa, mama, mnada ni mnada tu!"

Akajaza: idadi, viwili; bei, laki moja na ishirini elfu. Akabonyeza. Simu ikamjibu: ukishinda utalipa laki mbili na arobaini elfu. Loo! Bei iliyotakiwa ilikuwa ya cherehani kimoja, naye kaandika ya vyote viwili. Akajaribu kuipunguza, ikakataa. Bei hupandishwa, haishushwi.

Chiriku akaiweka simu chini. Angeweza kunyamaza na kuomba atokee mtu wa kumpita. Lakini alimwona mama akikanyaga cherehani huku akiimba, roho ikamuuma. Akasema yote.

Mama aliacha kukanyaga. "Haya, sasa soma. Neno kwa neno."

Sharti la nne liliwaokoa. Aliyekosea huruhusiwa kufuta kwa kumpigia msimamizi kabla ya jioni, lakini akirudi huingia nyuma ya wenzake, kwani bei zikilingana aliyetangulia hupewa kwanza.

"Piga wewe," mama alisema.

"Shikamoo. Nimekosea mimi, si mama," Chiriku alianza.

"Marahaba," msimamizi akacheka. "Wenzako hungoja washinde ndipo walie." Akafuta, naye Chiriku akaandika upya elfu sitini.

Kesho yake matokeo yakatoka. Vyerehani vinne vilikwenda kwa waliotaja bei kubwa zaidi. Vikabaki viwili vya elfu sitini: kimoja akakipata mtu aliyeingia baada ya Chiriku kukosea lakini kabla hajaandika upya, cha mwisho wakakipata wao.

"Ningesoma mapema, vyote viwili vingekuwa vyetu," Chiriku alinung'unika.

"Ndiyo," mama alijibu bila kumbembeleza. "Na ungenyamaza, tungepata deni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi na mama yako mdogo tutapokezana hicho kipya, na sare zitakamilika. Lakini wewe, mwanangu, uwe unasoma mpaka mwisho kabla ya kubonyeza, na ukikosea sema siku ileile, kama ulivyosema jana."