Mtandao Uliojaa Chumba cha Eksirei

"Haya mawimbi yanatoka wapi?"

Mpimaji wa mtandao aliuliza, simu ya kupimia mkononi. Fundi nyaya alijitia kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Mkuu wao, ambaye mafundi walimwita Profesa kwa kejeli naye akalipokea jina kama nishani, alikuwa anachokoa meno.

Walikuwa chini kabisa ya hospitali mpya, ndani ya chumba cha eksirei. Kuta zimevikwa madini ya risasi, mlango unasukumwa kwa bega. Chumba cha namna hiyo hakipitishi mtandao wa nje. Ndiyo maana mpimaji alikizunguka kona kwa kona, apate kujua pa kufunga antena darini. Jengo zima halikuwa na antena hata moja. Lakini simu ilionyesha mtandao umejaa pomoni, na hewa ilinuka nywele zilizoungua.

"Dada, hebu nipigie," alimwambia dada yake, mpiga picha za eksirei, aliyekuja kukiona chumba chake cha kazi.

Dada akapiga. Simu ya mpimaji haikuita, lakini ilipokelewa. "Nakuja," sauti ikasema sikioni mwa dada.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "hiyo sauti ni yako."

"Sijafungua mdomo. Kata!"

Profesa akacheka. "Mwangwi huo. Ninyi wanawake paka akitembea juu ya bati mnasema jini."

"Mwangwi hurudia kilichosemwa, mkuu. Nani kasema nakuja?"

Swali zuri, ila kumuuliza mtu kama yule ni kumpigia mbuzi gitaa. Alikuwa na digrii mbili na ramani ya rangi kwenye kompyuta, na baada ya vipimo vya siku ile ramani ilikuwa kijani chini kote. Kijani maana yake mtandao upo; upo kwa hisani ya nani, digrii hazikumfundisha kuuliza.

"Chini kumejaa," akakata shauri. "Antena ya huku ipelekeni ofisini kwa mkurugenzi."

Basi jini akahesabiwa kuwa mnara, na hospitali ikafunguliwa kwa makofi.

Asubuhi moja mpimaji alikuwa juu, anaikagua hiyo antena ya mkurugenzi, daktari wa zamu akipita ukumbini na kikombe chake cha chai. Mbeba machela akatokea kwenye ngazi, anahema.

"Daktari, bado uko huku? Si umesema unakuja? Mgonjwa kavimba koo kwa ile dawa aliyochomwa ili picha ionekane! Tumekupigia, tumekupigia, kila mara unatuambia nakuja, tusimwache!"

"Mimi? Simu yangu haijaita tangu asubuhi."

Mpimaji hakungoja zaidi. Alimshika daktari mkono, wakateremka ngazi mbio, na kadiri walivyoshuka ndivyo ile harufu ya nywele ilivyozidi kuwakaba, na taa zikawa zinafifia kama macho ya mtu anayesinzia, na nyuma ya ule mlango mzito, ambao haujawahi kupitisha hata kikohozi, zikasikika sauti nyingi, za wanaume, za vikongwe, za watoto, zote zikisema nakuja, nakuja, nakuja, mpaka wakausukuma kwa mabega yote mawili.

Kimya.

Mgonjwa alikuwa kitandani, midomo imegeuka rangi. Daktari akamchoma sindano. Pumzi ikarudi kwa kukwaruza. Dada alikuwa amepiga magoti, anamshikilia kichwa.

"Dada, uko salama?"

Dada akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kisha simu yake, iliyozimika sakafuni, ikasema kwa sauti yake mwenyewe: "Nakuja, mdogo wangu."

Mganga aliletwa. Alipofika mlangoni simu ikamsemesha mfukoni kwa sauti ya mama yake marehemu, naye akarudi alikotoka bila kuaga. Na Profesa? Alifungua kompyuta. "Mbona chini ni kijani tu?" akasema, na yuko kazini hadi leo, anapanga majengo mengine.

Dada sasa yuko nyumbani, anaongea kwa mikono. Mama yao bado hupigiwa na namba yake. Kila akiisikia ile sauti, bibi wa watu hunyanyuka kwenda kumfungulia mwanawe mlango, na mwanawe ameketi nyuma yake, anatikisa kichwa.

Wewe unayenisikiliza, nakuomba: ukiwa na mtu wako chini kule, usimpigie. Shuka.