Uzi wa Manjano kwenye Gauni Jeupe

Gauni la bibi harusi lilikutwa sakafuni, limechanwa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Dirisha la chumba cha ushonaji lilikuwa wazi. Hakuna kilichoibiwa, hata pasi mpya.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa mwendo wake, alichuchumaa akageuza kitambaa kipande kwa kipande. Fundi mwenyewe, mama mtu mzima mwenye jicho moja linaloona, alikaa akitazama magoti yake. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alisimama mlangoni na konstebo.

"Ufunguo wa pili unao wewe?" Kobe alimwuliza mkwe.

"Ninao. Ndiyo niwe nimechana?"

"Majirani wanasema jana mligombana."

"Nilimwambia apumzike. Akasema nataka kumrithi kabla hajafa. Afande, sisi ndivyo tunavyosalimiana."

Konstebo alicheka, kisha akajikausha.

"Mama, unamshuku?" Kobe alimwuliza fundi.

"Sijui, baba. Ufunguo anao."

Mkwe alimtazama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Konstebo akatoa pingu, akamfunga.

Kobe alipitisha kidole dirishani. Vumbi lilikuwa limetulia. Hakupita mtu pale. Akarudi kwenye gauni. Mishono yake yote ilikuwa ya uzi wa manjano, na mkono mmoja umeshonwa ndani nje.

Alichukua vibunda viwili vya uzi mezani. "Mama, nipe mweupe."

Fundi alivisogeza karibu na uso, akavigeuza, akampa wa manjano.

"Mama!" Mkwe alisahau pingu. "Ni jicho lile la upasuaji?"

"Upasuaji gani?" Kobe aliuliza.

"Wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Daktari alituambia kabisa: upasuaji huu unaweza kuharakisha mtoto wa jicho. Ukiona ukungu, au rangi zinafifia, rudi, ukungu huo utaondolewa. Mama, alikwambia wewe mwenyewe!"

Fundi alianza kulia bila sauti.

"Nimechana mimi. Jana jioni muuza vitambaa alipita, akauliza mbona nashona kwa manjano. Nikacheka, nikasema ni mtindo. Alipoondoka nikashika mkasi. Nilitaka gauni liharibike kabla mwenyewe hajaiona mishono. Dirisha nimelifungua mimi, ionekane mwizi kaingia."

"Kwa nini hukusema unaona vibaya?" Kobe aliuliza.

"Madaktari waliniwekea gesi jichoni ishikilie ule utando, nikaambiwa nilale kifudifudi. Mkwe wangu huyu alijilaza sakafuni chini ya uso wangu, ananilisha kwa kijiko, ananichekesha. Ningeanzaje kumwambia jicho linaniponyoka tena?"

"Ukaona afadhali avalishwe pingu?"

Kobe alizifungua pingu mwenyewe, taratibu.

"Mama, niangalie," mkwe alisema.

Fundi aliinamisha uso hadi kidevu kikagusa kifua, kama siku zile za gesi, ila safari hii hakuna daktari aliyemwagiza.

Mkwe alisukuma vipande vya gauni pembeni. Akajilaza sakafuni, chini ya uso ule, akangoja.