Mlezimea wa Roshani ya Jirani

Jua lilikuwa halijachomoza juu ya Dodoma wakati mlezimea aliponyoosha mkono wake wa tatu, mwembamba kama bua la mtama, akagusa upande wa chini wa jani la nyanya. Pale palikuwa na yai moja la inzi mweupe, dogo kiasi kwamba hata mtu mwenye miwani asingeliona. Mlezimea alilikwangua, akalitia katika kichupa cha moto kilichokuwa kifuani mwake, kisha akalirudisha jani mahali pake taratibu. Nyuzihisi zake, zilizotandazwa ndani ya udongo kama mizizi ya pili, zilimwarifu kwamba mche ule unahitaji vijiko vinne vya maji. Aliutilia vinne, akahamia mche mwingine.

Mhandisi Atuganile Mwakibete alikuwa nyuma ya kioo cha roshani yake, ghorofa ya thelathini na moja, akimtazama huku akinywa chai. Yeye ndiye aliyemsanifu. Kazi ya miaka tisa ilikuwa imeishia katika chombo hiki chenye kimo cha mtoto wa chekechea, mikono sita, na akili unde iliyofundishwa kila ugonjwa wa mboga unaojulikana. Mji ulikuwa umejengwa kwenda juu kwa sababu ya uhaba wa maji, na kila nyumba ilitakiwa ilime sehemu ya mboga zake kwenye roshani. Mlezimea angewapa watu wa mji huo kitu ambacho mkulima hajawahi kuwa nacho tangu dunia ianze, yaani mavuno yasiyokosa.

Aligeuza shingo kutazama roshani ya jirani. Huko nako mlezimea mwingine alikuwa kazini. Nyanya za Mzee Ndahani zilikuwa nyekundu, zimejaa, majani yake yamesimama wima. Atuganile alitabasamu. Mzee hajambo, alijisemea. Akaweka kikombe, akachukua mkoba, akaenda kazini. Hiyo ilikuwa siku ya Jumatano.

Urafiki wake na mzee huyo ulikuwa umeanza kwa mchicha miaka sita nyuma. Atuganile alikuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka Mbeya, na pamoja na shahada zake zote, mchicha wake wa kwanza ulitobolewa ukabaki kama chujio. Alikuwa amechuchumaa mbele yake asubuhi moja, hajui afanye nini, ndipo kichwa chenye kofia ya kitambaa kikachungulia juu ya kiambaza kilichotenganisha roshani zao.

"Huo mchicha ni wa kwako au ni wa wadudu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una majivu?"

Hakuwa na majivu. Nani angekuwa na majivu kwenye ghorofa la majiko ya umeme? Mzee Ndahani alikuwa nayo kwenye kopo la maziwa, alikoyatoa hakusema. Alikuwa mchimba visima mstaafu, aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja tu, Sechelela, ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi ya miamba katika kituo cha Mwezini kwa mkataba wa miaka mitatu. Alipenda kushindana na alichukia kushindwa. Ngogwe zake, zile nyanya chungu, zilipokufa mara ya tatu mfululizo kwa mnyauko, alikaa siku nzima bila kusema na mtu, na kesho yake ndipo alipomtaja mkewe kwa mara ya kwanza. "Mama Sechelela ndiye aliyezijua ngogwe," alisema, akitazama vile vijiti vikavu. "Mimi nilikuwa nakula tu."

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, walikutana kwenye kiambaza. "Bamia zimeamkaje?" mzee angeuliza, na Atuganile angetoa taarifa: vidukari vimeingia, ua la kwanza limefunguka, nyanya mbili zimeoza kitako. Walipeana mbegu, walipeana dawa ya mwarobaini iliyonuka ghorofa zima, walisifiana na kulaumiana. Mlenda wa kwanza wa Atuganile walikula pamoja, wakakubaliana kwamba una mchanga. Mwaka wa pili Atuganile aliugua homa, akalala asiweze kunyanyuka. Bamia zake zikalegea siku moja tu, na jioni hiyohiyo Mzee Ndahani alikuwa mlangoni na sufuria ya uji, ananung'unika kwamba mtu gani anaacha mimea ife kiu.

Mlezimea alipokamilika, taasisi aliyokuwa akifanyia kazi ilihitaji watu wa kumjaribu. Atuganile alimwendea jirani yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nimechimba visima miaka arobaini," mzee alimjibu. "Sikuwahi kuanza kisima hata kimoja nikiwa na hakika kwamba nitapata maji. Sasa wewe unataka nilime bustani ambayo mwisho wake naujua. Ya nini?"

"Ni miezi sita tu, mzee. Nifanyie mimi."

Mzee aliitazama mikono yake. "Kama ni kwa ajili yako, sawa. Mlete."

Mlezimea akaletwa, na mboga zikastawi. Wiki za mwanzo walisimama kwenye kiambaza wakishangaa. Baadaye mshangao ukaisha. "Bamia zimeamkaje?" "Nzuri, mzee. Za kwako?" "Nzuri." Kisha kila mmoja angetafuta neno la kuongeza asilipate. Hapakuwa na mdudu wa kumsema wala ua la kulingojea, maana mlezimea alishatangaza siku na saa litakapofunguka. Kufikia mwezi wa tatu mzee alitoka mara chache. Atuganile alikuwa akiandika ripoti yake kuu, na hakuona vibaya. Alichungulia roshani ya jirani kila asubuhi, akaona kijani, akaridhika.

Jumatano ile alirudi saa kumi na moja jioni. Alipotoka kuanua nguo aliona kitu kilichomfanya asimame. Kikapu cha mavuno cha Mzee Ndahani kilikuwa kimejaa pomoni. Mlezimea, ambaye kazi yake ilikuwa kuchuma kila kilichoiva, alikuwa ameanza kuzipanga nyanya sakafuni, mstari baada ya mstari, kwa unadhifu mkubwa. Mistari ilikuwa imefika mlangoni. Mlango wa roshani ulikuwa wazi, pazia likipepea kuelekea nje.

"Mzee Ndahani," aliita. Akaita tena.

Mlinzi wa jengo alipofungua, walimkuta jikoni, chini, kati ya meza na ukuta. Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi, mdomo umepinda upande mmoja, na midomo imekauka ikapasuka. Alikuwa ameangusha kitambaa cha meza juu yake, labda kwa kujaribu kunyanyuka, labda kwa baridi. Atuganile alipiga magoti, akamshika mkono. Mkono wa kulia haukumshika. Ule wa kushoto ulimshika kwa nguvu mpaka akaumia.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba kilikuwa kimempata Jumapili. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na hakuficha kitu. "Angeletwa siku ileile, tungeweza kumrudishia karibu kila kitu. Tuna dawa za kuufufua ubongo, lakini zina saa zake. Siku tatu ni nyingi. Maisha anayo. Kusema, sidhani kama atasema tena kama zamani. Na ule mkono, usiutegemee."

Usiku huo hakulala. Alifungua kumbukumbu za mlezimea wa roshani ya jirani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Jumapili: hali njema, hakuna hitilafu. Jumatatu: hali njema, hakuna hitilafu. Jumanne: hali njema, hakuna hitilafu, mavuno yameongezeka. Jumatatu saa sita mchana upepo mkavu ulipita katika mlango wa roshani ulioachwa wazi tangu Jumapili, na mlezimea aliusogeza mche mmoja hatua mbili usidhurike. Toka mche huo mpaka pale alipolala Mzee Ndahani palikuwa na umbali wa mtu kurusha kitambaa. Chombo hakikukosea. Kilifanya kila kitu Atuganile alichokifundisha.

Asubuhi Sechelela aliunganishwa kutoka Mwezini. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha chumba cha wagonjwa, umechoka, nywele zimefungwa. Sauti ilichukua karibu sekunde tatu kwenda na kurudi, kwa hiyo kila jibu lilitanguliwa na ukimya.

"Dada Atuganile. Mimi huzungumza naye kila Jumamosi. Jumamosi alikuwa mzima."

"Najua."

Ukimya.

"Siku tatu hukumwona?"

"Niliona nyanya zake," Atuganile alisema. "Zilikuwa nzuri. Nikadhani naye ni mzima."

Ukimya, mrefu kuliko ule wa umbali.

"Nilipokuwa nasita kusaini mkataba huu," Sechelela alisema, "baba aliniambia, nenda, nina jirani. Mimi sikulaumu, dada. Nakwambia tu alivyosema." Kisha akageuka pembeni, na picha ikakatwa.

Juma lililofuata Mkurugenzi wa taasisi, Bwana Shekiondo, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwema, na habari ilikuwa imemgusa. Alikuwa ameshawaagiza vijana wachore sehemu mpya: jichohali, litakalomwangalia mwenye nyumba kama nyuzihisi zinavyouangalia udongo, na kupeleka taarifa hospitali mtu akianguka.

"Ni jambo la lazima," alisema. "Saini hapa, mwakani kila mlezimea atakuwa nalo."

Atuganile alisoma karatasi mpaka mwisho. Hakuona kosa. Kifaa kile kingeokoa watu, naye asingethubutu kukizuia. Alisaini.

"Mbona huonekani kuridhika?"

"Jichohali litajua mtu akianguka," alisema. "Mzee Ndahani alianza kupotea miezi mitatu kabla ya kuanguka. Tulikuwa tunaonana kwa sababu mimea yetu ilikuwa inakufa, Mkurugenzi. Mimi niliiponya, basi tukaacha kuonana. Sijui hilo linawekewa kifaa gani."

Bwana Shekiondo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watu wanahitaji kula, Mhandisi. Miezi hii ya majaribio hakuna nyumba yenye mlezimea iliyokosa mboga. Hilo nalo ulilifanya wewe."

"Najua," alisema. Na hilo ndilo lililokuwa zito, kwamba yote mawili yalikuwa kweli.

Alimwondoa mlezimea kwenye roshani yake mwenyewe, akamwondoa na wa jirani. Mzee alirudishwa nyumbani baada ya wiki saba, akiwa na muuguzi wa zamu na kiti cha magurudumu. Wakati huo Atuganile alikuwa ameshaotesha mlenda kwenye trei, kwa mikono yake, akaumwagilia asubuhi na jioni kwa moyo wa mtu mwenye deni lisilolipika. Siku ya tisa miche yote ililala chini, mashina yamekuwa meusi yakaoza. Alikaa akiitazama kwa muda. Kisha akaibeba ile trei, akatoka nayo.

Mzee Ndahani alikuwa ameketi kando ya roshani yake tupu, blanketi miguuni. Uso wake ulikuwa umekonda upande mmoja kuliko mwingine. Atuganile alisalimia, akajibiwa kwa kichwa. Akaweka trei kwenye magoti ya mzee, akavuta kigoda, akaketi.

"Imekufa yote," alisema. "Hata mmoja haukupona."

Mzee aliitazama miche, akamtazama yeye.

"Kuna jingine, na sikupata njia nzuri ya kulisema. Siku zile tatu nilikuwa nachungulia huku kila asubuhi. Naangalia nyanya zako, naenda zangu kazini. Ningegonga mlango Jumapili ungekuwa unanijibu sasa hivi. Nilikuomba umchukue yule mlezimea, ukamchukua kwa ajili yangu, na mimi nikaacha kukuangalia. Sikuombi unisamehe leo. Nimeona nisikae na wewe hapa huku nimelificha."

Mzee Ndahani hakuondoa macho kwake. Jicho la upande uliolegea lilikuwa likitoa machozi, lakini muuguzi alishasema hufanya hivyo lenyewe, na Atuganile hakujua ayasome vipi.

Baada ya muda mkono wa kushoto ulinyanyuka kutoka kwenye blanketi. Ulishuka juu ya trei, ukachota udongo, ukaukamua. Maji yakachuruzika kati ya vidole vyake yakalowesha blanketi. Mzee aliyatazama yakidondoka. Koo lake likatoa mlio mkavu, na Atuganile akainuka nusu kwa hofu kabla ya kutambua kwamba ni kicheko, kile kicheko chake cha dharau alichokuwa akikicheka juu ya kiambaza. Hakikudumu. Uso wake ulirudi kuwa mzito, akamnyooshea ule mkono wenye matope, akafungua mdomo.

Alitaka kusema neno. Midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana tena bila sauti. Shingo ilimkaza. Mmm, alisema, kisha pumzi ikamwishia, akafumba macho, akaanza upya.

Atuganile alilijua lile neno. Alijua kwamba ni maji, na kwamba yeye ndiye aliyeyazidisha. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, naye alilijua, akamtazama Atuganile kama anayesubiri alitamke ili mzee apumzike.

Hakulitamka. Alikisogeza kigoda karibu zaidi, akaweka mikono yake magotini, akamngoja.