Amri ya Pili

Ndugu zangu mnaofanya kazi chini ya watu, na nyinyi mnaosimamia wenzenu, habari hii ni yetu sote. Mtu asiinuke mapema akidhani anasemwa jirani yake.

Ilikuwepo nyumba moja yenye vyumba viwili na raha yake. Kila asubuhi wanawake wawili waligombania kioo kimoja huku wakicheka. Mmoja alikuwa mke wa mwenye nyumba, aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili. Mwingine alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, msichana mwenye mikono myepesi ajabu. Alikuwa msusi. Angeweza kumsuka mtoto huku anabishana na kaka yake, na asipindishe hata mstari mmoja. Ndoto yake ilikuwa saluni yake mwenyewe, na kabla haijapatikana, Mama Pacha alimtafutia kibarua kule alikofanya kazi yeye, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali.

"Wifi, ukichelewa leo nakuacha," Mama Pacha alimtania.

"Niache uone. Hicho kichwa utakisuka mwenyewe."

Ndivyo walivyokuwa, mawifi waliopendana mpaka majirani wakaona ajabu.

Sasa njooni kazini. Ndani ya kiwanda kulikuwa na mvuke, kelele, na mashine moja kubwa ya kunyooshea, yenye roli mbili za moto zilizobanana. Wifi mtu alisimama mbele, akiingiza mashuka mabichi. Mama Pacha alisimama nyuma, yanakotokea yakiwa makavu, na swichi ya kuwasha na kuzima ilikuwa mkononi mwake. Kati yao kulikuwa na mlima wa mashuka, hata hawakuonana.

Meneja wa pale hakuwa mwizi wala mlevi, tusimsingizie. Ubaya wake ni kwamba neno lake halikulala naye nyumba moja. Asubuhi atasema, "Kunjeni mara tatu." Kabla ya chakula cha mchana ameshika shuka lililokunjwa mara tatu kana kwamba ameokota panya. "Nilisemaje mimi? Nilisema mara nne!" Ukimkumbusha, anauliza kama unamwita mwongo. Ukinyamaza, anauliza kama wewe ni bubu. Wafanyakazi walimbandika jina, Bwana Nilisemaje, nao wakalitumia kila alipogeuza mgongo.

Aliyeumia zaidi ni Mama Pacha, kwa sababu ya ile swichi. Siku moja aliambiwa mashine isizimwe ovyo, ikipoa inachelewesha kazi. Shuka likakwama, akaiacha iendelee, shuka likaungua. "Kwa nini hukuzima? Macho umeyaacha nyumbani?" Lilipokwama jingine akazima upesi. "Nani amekwambia uzime?" Akaandikiwa onyo. Na mara nyingine meneja mwenyewe alipiga kelele, "Zima!" na roli hazijasimama vizuri amekwisha kubadilika: "Washa! Washa, unatupotezea muda!"

Basi watu wakazoea. Meneja akitoa amri, hakuna aliyeinua mkono. Wanasubiri. Amri ya pili ikija, ndiyo wanayoifuata. Jambo hilo lilianzishwa na Mama Pacha mwenyewe, tena kwa mzaha. "Ile ya kwanza anasafisha koo tu," alisema, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata wageni walipoingia kazini, kitu cha kwanza walichofundishwa ni hicho: subiri ya pili.

Wifi mtu peke yake hakucheka.

"Wifi, kwa nini tusimuulize?" alisema jioni moja wakiwa mezani. "Twende wote tumwambie, bosi, jana ulisema hivi, leo unasema vile, tushike lipi?"

"Mdomo wako utatuponza," Mama Pacha akajibu. "Mimi nina watoto wawili wa kulisha. Kazi yenyewe nimekutafutia mimi."

Baba Pacha naye akatia neno huku anatafuna. "Kazi ni kuvumilia, dada. Kila mahali kuna kichaa wake."

Na hapa ndipo ninapokasirika, ndugu zangu, nisamehewe. Maana wiki iliyofuata mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya wafanyakazi wote, akauliza kama kuna tatizo lolote. Meneja alikuwa kando yake, anatabasamu. Wifi mtu akafungua mdomo. Mama Pacha akamfinya mkono.

"Hakuna, bosi," wakaitika kwa pamoja.

Basi ikafika siku ile. Shuka lilikuwa limejikunja kwenye mdomo wa roli, na wifi mtu akawa analinyoosha. Pindo bichi likamzunguka kifundo cha mkono na kuanza kumvuta. Meneja alikuwa anapita upande huo akaona. Mungu anajua, aliona na akatenda linalotakiwa. Alipaza sauti, ikapenya kelele zote.

"Zima!"

Mama Pacha alisikia. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi, ukafika, ukaigusa, ukatulia hapo. Alikuwa anasubiri ya pili.

Kilichokuja hakikuwa amri. Kilikuwa kilio.

Alizima. Lakini kati ya neno na kilio, roli zilikuwa zimekwisha kula vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kiganja kimeungua mpaka ndani. Daktari alisema angewahi kutolewa kidogo tu, pengine angebaki na kovu na vidole vyake vyote. Msusi hasuki kwa mkono wa namna ile, na hilo hakuna aliyehitaji kumweleza.

Kikao kiliitwa ofisini. Meneja alisimama wima. "Nilisema zima," alisema. "Wote walinisikia. Waulizeni."

Mwenye kiwanda akawauliza mmoja mmoja. Kila mmoja akatazama viatu vyake na kujibu, "Alisema." Wangefanyaje? Kwa mara ya kwanza Bwana Nilisemaje alikuwa amesema kweli, na mashahidi walikuwa kiwanda kizima.

"Ulisubiri nini?" mwenye kiwanda akamuuliza Mama Pacha.

"Huwa tunasubiri ya pili, bosi."

"Ya pili ipi?"

Akajaribu kueleza. Lakini jambo walilolicheka miezi yote ile, likisemwa ofisini mbele ya watu waliovaa tai, lilikuwa wazimu mtupu. Hakuna mwenzake aliyemsaidia. Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Meneja akabaki.

Nyumbani mumewe hakumpiga wala hakumtukana. Aliacha tu kuongea naye. Alimpita mlangoni kama mtu anavyopita kiti.

Wifi aliporudi kutoka hospitali alikaa siku chache, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi moja alimwita Mama Pacha chumbani.

"Wifi, aliposema zima, ulisikia?"

Mama Pacha angeweza kudanganya. Kelele za mashine zile zilijulikana, na angeaminiwa.

"Nilisikia."

Msichana akalivuta gauni lake kwa mkono wa kushoto. Hakulia.

"Basi nisaidie kuvaa gauni. Nataka kwenda kwa mama."

Mama Pacha akapiga magoti akamfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini mpaka shingoni. Wifi mtu akatoka, na nyumba ile hakuikanyaga tena.

FUNZO

Wewe msimamizi, ukigeuza neno lako kila saa, watu hawataacha kukuogopa. Wataacha kukuamini, na siku utakayokuwa mkweli utakuwa peke yako.

Nawe mfanyakazi, kumcheka bosi kwa siri si ujasiri. Amri mbili zikigongana, uliza siku hiyohiyo, mbele ya wenzako: tushike lipi? Na mwenzako akifungua mdomo kuuliza, usimfinye mkono. Muunge mkono, na wewe simama naye.

Yule meneja bado yupo kazini. Kwenye swichi ile amewekwa mwanamke mwingine, mgeni, na wenzake wamekwisha kumfundisha kazi. Huenda ni dada yako. Akirudi leo jioni, muulize wamemfundisha nini.