Mama Pacha na Timu ya Dole Gumba

Mama Pacha akishawaaga watoto wake asubuhi, hushika simu. Simu ndiyo duka lake. Kampuni moja ya sufuria ilimpa kiungo, yaani maandishi ya kubonyeza kwenye simu. Mtu akikibonyeza na kununua sufuria, Mama Pacha anapata kamisheni. Anaruhusiwa pia kuwa na timu, na kila mwanatimu hupewa kiungo chake.

Basi akawaandikisha majirani watatu, akiwemo fundi cherehani wa chumba cha pili. Wote walikuwa wageni wenye lugha yao. Kiswahili chao kilikuwa cha kusalimiana na kununua nyanya.

Mama Pacha hakuona shida. Aliwatumia maelezo marefu ya sauti, kisha kiungo chake mwenyewe kama mfano. Mwisho akauliza, "Mmeelewa?" Wote wakajibu kwa alama ya dole gumba.

"Timu yangu iko imara," alimwambia mumewe.

Sufuria zikauzwa kweli. Lakini mauzo yote yalionekana kwa jina la Mama Pacha. Kwa wanatimu, hakuna kitu. Kwani wamelala? Akatuma maelezo mengine, marefu zaidi. Madole gumba yakarudi.

Kisha fundi akaacha kumsalimia. Siku moja akarudisha mfuko wa kitambaa alichopewa ashone sare za mapacha, hakijaguswa na mkasi. Mama Pacha alibaki ameshika mfuko mlangoni, hajui ashike lipi.

"Nimemkosea nini?" alimuuliza mumewe.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Kasema hamna kitu."

Wifi yake alipokuja kuwatembelea, akaelezwa yote. Wifi hutoa dawa kwenye zahanati, na lugha ya wale majirani amejifunza kwa wagonjwa wake. Alisikiliza yale maelezo ya sauti, akacheka.

"Wifi, hii ni hotuba. Hata mimi nimepotea njiani."

"Mbona wote wameweka dole gumba?"

"Hiyo ni heshima tu. Wewe ndiye uliyewapa kazi. Nani atakwambia hajaelewa?"

Wakaenda kwa fundi. Wifi akazungumza naye kwa lugha yake. Fundi alikuwa mkali mwanzoni, kisha akafungua simu. Kiungo alichowatumia wateja wake wote kilikuwa cha Mama Pacha, ule mfano. Na wenzake wawili walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

"Anasema ameuza sufuria na hajapata kitu," wifi akafasiri. "Anasema alikuona dada yake, kumbe unamla."

Mama Pacha aliona aibu. "Mwambie sikujua. Mwambie chao chote nitawapa leo."

Wifi alipofasiri, fundi akamsogezea kiti.

"Zahanati hatumuulizi mgonjwa kama ameelewa," wifi akasema. "Kila mtu atasema ndiyo. Tunamwambia, 'Nionyeshe utakavyokunywa hii dawa.' Hapo ndipo tunajua. Na tunaeleza jambo moja tu kwa wakati, kwa maneno machache. Ikiwezekana, kwa lugha yake."

Mama Pacha akajaribu. Akabonyeza polepole kwenye simu ya fundi, mwenyewe akiangalia, mpaka kiungo cha fundi kikatokea. Kisha akamrudishia simu. "Nionyeshe."

Fundi akakosea. Wakarudia. Mara ya tatu akapata, akacheka mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo fundi aliwaelekeza wenzake wawili kwa lugha yao, kwa sauti fupi fupi. Sasa kila mmoja anaona mauzo yake kwa jina lake. Mapacha nao wana sare mpya.

Juzi kampuni ilibadilisha utaratibu wa kurudisha sufuria mbovu. Mama Pacha akaenda kwa fundi kumweleza. Fundi alisikiliza, akaweka mkasi mezani, akatikisa kichwa.

"Dada, sijaelewa."

Mama Pacha alifurahi kuliko siku zote alizopata dole gumba. Akavuta kiti, akaanza upya.